Tusizipasue Sauti Zetu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni namna tunavyozikuza sauti za nyimbo tunazozirekodi wenyewe nyumbani na shuleni. Najua wako wasomaji watakaoshangaa kwa nini mtu anayejiandaa kwa mtihani wa Kidato cha IV aache vitabu vyake akaandike habari za spika. Jibu langu ni kwamba habari hizi zimo humo humo vitabuni, katika somo la Fizikia, mlango wa mawimbi na ule wa vikuza sauti. Tena mwezi wa Septemba kwaya yetu itarekodiwa kwa ajili ya mahafali, na jambo hili lisiposemwa sasa litasemwa wakati ambapo halifai kitu tena.

Kila mwaka nyimbo za mahafali zinapowafikia wazazi kwa simu, neno la kwanza huwa lile lile: "Mbona iko chini?" Nyumbani kwetu Kasesya, mpakani na Zambia, neno hilo halina huruma hata kidogo. Pale barabarani malori husimama yakingoja karatasi zao, injini zikinguruma, na vibanda vimeweka spika mlangoni. Huku walia wimbo wa Dar es Salaam, kule wimbo wa Lusaka. Ukiweka kati yao wimbo wa kwaya uliorekodiwa kwa simu, huusikii. Mwenye kibanda hupandisha hata mwisho, na bado huusikii. Hapo ndipo hutokea kijana mwenye dawa yake. Hutafuta katika simu programu ya kuongeza sauti, akausukuma wimbo mara 2, kisha mara 4, mpaka ukalia. Ndiyo, unalia, lakini unalia kama bati linaloburuzwa juu ya changarawe.

Mimi siiamini dawa hiyo. Naona kuwa nguvu ya wimbo hutafutwa kabla ya kurekodi na wakati wa kurekodi, na baada ya kurekodi huongezwa kidogo tu, tena kwa adabu. Sisi twafanya kinyume chake: twarekodi ovyo, kisha twataka kitufe kimoja kituondolee aibu.

Yafaa kwanza tujue kwa nini sauti hupasuka. Simu au kompyuta haihifadhi sauti yenyewe. Huhifadhi hesabu zake. Katika diski za CD, kwa mfano, sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa namba isiyoweza kupita 32,767 upande wa juu, wala kushuka chini ya -32,768. Namba hizo mbili ndizo dari na sakafu ya nyumba. Wimbi la sauti likienea ndani ya nyumba huandikwa kama lilivyo, pamoja na viringo vyake vyote. Lakini ukilikuza hata kichwa chake kikagonga dari, mashine haina namba nyingine kubwa zaidi ya kuandika. Huandika ile ile ya mwisho, tena na tena, na kilele kilichokuwa cha mviringo huwa bapa kama kilima kilichokatwa kichwa. Bapa hilo huzaa sauti nyingine za juu ambazo mwimbaji hakuziimba kamwe, na huo ndio mkwaruzo tuusikiao.

Kilele kikishakatwa, hakuna ajuaye kilikuwa na umbo gani. Ukiupunguza wimbo baadaye, utapata bapa dogo badala ya bapa kubwa, basi. Ziko programu zinazojaribu kukirudisha kilichokatwa, lakini hizo hukisia tu kwa kutazama kilichobaki pande mbili za pengo.

Wala mtu asidhani kuwa dari hii ililetwa na kompyuta. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, dari yake ilikuwa ule mfereji mwembamba unaochorwa na sindano. Sauti ikizidi mno, mfereji hupanuka hata kuuingilia mfereji wa jirani. Utepe wa sumaku nao una kiasi chake, ukizidishiwa hushiba na sauti hukwaruza. Redio Tanzania Dar es Salaam, katika miaka ya 1960 na 1970, ilizirekodi bendi kama NUTA Jazz na Morogoro Jazz kwenye tepe hizo. Bendi ilipiga kwa pamoja, na fundi hakuwa na nafasi ya kukaa baadaye akikitengeneza kila chombo peke yake kama wafanyavyo leo. Ilimpasa kujua kabla ya kubonyeza kitufe nani asimame wapi. Sikilizeni nyimbo hizo, wazee nyumbani wanazo: magitaa yanasikika, tarumbeta zinasikika, na mwimbaji hakufunikwa na mtu.

Kabla ya hapo, mwaka 1950, Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi ngoma na nyimbo za makabila. Huyu alikuwa na desturi ya kuishika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza karibu na mwimbaji, kisha akiielekeza kwa chombo kilipofika zamu yake. Rekodi zake zipo hata leo katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mkono wake ndio uliofanya kazi tunayotaka programu itufanyie.

Habari hii ya kusogea ni kubwa kuliko tunavyoidhania. Tulipofika mlango wa mawimbi, Mwalimu wa Fizikia alitutoa nje hata uwanja wa mpira, akaweka ngoma ndogo katikati, na mwenzetu mmoja akaipiga kwa nguvu ile ile muda wote. (Somo lenyewe twafundishwa kwa Kiingereza, lakini ngoma haikuhitaji tafsiri.) Tulipima kwa simu ya Mwalimu, yenye programu ya kuhesabu desibeli, kwanza tukiwa mbali mita 4, kisha mita 2. Kipimo kilipanda karibu desibeli 6, kama kitabu kisemavyo. Ukipunguza umbali nusu, mahali pa wazi, kimo cha wimbi huwa mara 2. Ukipunguza nusu tena, huwa mara 4.

Sasa fikirini yule kijana wa Kasesya. Aliiweka simu yake juu ya benchi, mita 5 kutoka kwa waimbaji, kisha akausukuma wimbo mara 4 kwa programu. Mara 4 hiyo hiyo angaliipata bure kwa kuileta simu mita 1 na robo. Tena angalipata faida ya pili. Programu inapousukuma wimbo huyasukuma na malori, na kuku, na mlango unaolia. Lakini anayesogea humkuza mwimbaji peke yake, na malori huyaacha palepale yalipokuwa.

Mtu atauliza, na kwaya ya watu 40 isogee vipi, wote waingie mdomoni mwa simu? La. Isimame nusu duara, wenye sauti nyembamba na ndogo mbele, wenye vifua vikubwa nyuma. Sauti ya nne yetu ina wavulana watano ambao mmoja wao akikohoa bwenini jengo zima huamka. Hao warudi nyuma hatua 3 na hawatapungukiwa na kitu.

Lakini mwizi mkubwa wa nafasi ni ngoma. Hili nataka lisomwe vizuri, maana najua litaleta ugomvi na wapigaji. Pigo la ngoma ni fupi sana, lakini kimo chake ni kirefu kuliko sauti ya watu wote kwa pamoja. Sikio halilihesabu kuwa kubwa hivyo kwa sababu hupita upesi. Sikio huangalia zaidi wastani wa sauti kuliko vilele vyake. Mashine haina akili hiyo. Ngoma ikiwa karibu na maikrofoni, pigo lake ndilo hugusa dari, na waimbaji hubaki chini karibu na sakafu. Ukitaka kuwapandisha, ngoma imekwisha gonga. Basi ipelekeni mbali. Waimbaji wakiwa mita 2, ngoma na iwe mita 6 au 8, hata mlangoni. Itasikika tu, ngoma ya kwetu husikika ng'ambo ya bonde, itakosaje kusikika ng'ambo ya chumba? Makofi nayo vivyo hivyo, na vigelegele vya akina dada: tamu sana, lakini visipigwe mbele ya simu.

Kiongozi wetu wa kwaya hakubaliani nami. Asema wazazi hupenda ngoma, na wimbo bila ngoma mbele hukosa uhai. Namheshimu, na katika kuimba yeye ni mwalimu wangu. Walakini mzazi aliyeko Matai au Mbeya hasikilizi uwanjani, asikiliza kwa simu, na spika ya simu ni ndogo kuliko kifuniko cha soda. Mdundo mzito wa ngoma haitoi kabisa. Hutoa kile kigongo cha fimbo juu ya ngozi tu. Kwa hiyo twatoa nafasi yetu yote kwa kitu ambacho mzazi hatakisikia.

Kwa sababu hiyo hiyo yafaa kuondoa sauti za chini zisizo na kazi. Wenyeji wa Ufipa hatuna haja ya kufundishwa upepo wa mwezi wa Julai na Agosti. Upepo ukipiga maikrofoni huleta mngurumo mzito ambao sikio halijali sana, lakini katika hesabu za mashine hula nafasi kama mgeni asiyeondoka. Funika maikrofoni kwa kitambaa chepesi, au soksi. Nasisitiza soksi safi. Simu isiwekwe juu ya meza tupu ambayo watu huigonga kwa magoti, bali juu ya blanketi lililokunjwa. Kisha, katika kompyuta, kata kila kilicho chini ya mizunguko 80 kwa sekunde. Hata wale watano wa sauti ya nne ni nadra kushuka chini ya hapo. Mtashangaa jinsi nafasi inavyopatikana na hakuna kilichopotea.

Na mita ya sauti wakati wa kurekodi iwe wapi? Desturi yetu ni kuipandisha hata karibu na nyekundu, kwa kuogopa kuwa chini. Hofu hiyo ni ya zamani, ya wakati wa utepe, ambao ulikuwa na mvumo wake chini na ukirekodi kwa woga mvumo ulikufuata. Mashine ya leo ina nafasi tele upande wa chini, kiasi cha desibeli 96 kwa namba nilizozitaja. Kwaya na iimbe kwanza kituo chenye nguvu kuliko vyote, na hapo mita ibaki desibeli 6 hata 12 chini ya dari. Watu wakiona siku ya kurekodi huimba kwa nguvu kuliko siku ya mazoezi, nimewaona. Nafasi hiyo ni yao. Na kama simu yenyewe ina tabia ya kujipandishia na kujishushia sauti, nyingi zinayo, programu ikiruhusu izimwe.

Sasa nafika kwenye kazi ya baada ya kurekodi, ambayo wengi huifanya ya kwanza. Simu haziruhusiwi bwenini, wala siandiki haya ili ziruhusiwe. Twatumia kompyuta ya maabara, yenye programu iitwayo Audacity, iliyotolewa mwaka 2000, nayo haina bei. Kuna mle mahali pa kukuza sauti penye kisanduku kidogo cha kutia alama, kinachouliza kama waruhusu sauti ipasuke. Kikiachwa kama kilivyo, programu hukataa kupita dari. Vijana wenye haraka hutia alama. Nimeona mmoja akifanya hivyo bila hata kusoma swali, kama mtu atiaye sahihi karatasi ya deni.

Kifaa kinachofaa ni kile kiitwacho kompresa. Kazi yake yafanana na ya kiongozi wa kwaya anayemwonyesha kiganja yule mwenye sauti kali: shusha kidogo. Mwenye sauti kali akishashuka, wote waweza kupandishwa kwa pamoja bila kugonga dari. Kinachozidi kiasi ulichoweka kipunguzwe nusu, na vilele visishushwe zaidi ya desibeli 3 au 4. Ukizidisha hapo, utasikia wimbo wote ukipumua kama mtu mwenye pumu, na kila kikohozi na kila kiti kilichoburuzwa kati ya beti kitapanda juu kuwasalimu wazazi. Baada yake hufuata kifaa cha mwisho, limita, kinachozuia vilele vichache vilivyobaki. Hicho kiwekwe desibeli 1 chini ya dari na si kwenye dari yenyewe, kwa kuwa wimbo unapokandamizwa uwe mdogo wa kutumwa kwa simu, mawimbi yake hubadilika kidogo, na kilichokuwa kimeligusa dari hulipita.

Liko jambo lingine dogo lenye manufaa makubwa. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walitangaza vipimo vyao juu ya sikio la mtu. Walionyesha kwamba sikio halisikii sauti zote sawa. Lina masikizi makali zaidi kati ya mizunguko 2,000 na 5,000 kwa sekunde. Ndipo zilipo nyingi za sauti zitufanyazo tutambue maneno. Ukiongeza hapo desibeli 2 tu, wimbo huonekana umesogea karibu, na maneno yakasikika, ilhali mita haikupanda kitu cha kutaja. Ukiongeza 8, utaumiza watu.

Yeyote atakayefanya haya atapata wimbo ulio na nguvu mara mbili ya ule wa mwaka jana kwa masikio, bila mkwaruzo. Lakini sitadanganya: hautazishinda spika za barabarani Kasesya. Ili sauti isikike mara mbili kwa sikio yahitaji kupanda kama desibeli 10, na kwa spika hiyo ni nguvu ya umeme mara 10. Mwenye kibanda aliyenunua spika kubwa amenunua nguvu hiyo kwa fedha, nasi hatuwezi kuipata kwa hila.

Najua jibu la vijana wenzangu: nyimbo za mjini nazo zimepandishwa hata mwisho, mbona hawalaumiwi? Wanalaumiwa. Mwaka 2008 bendi ya Marekani, Metallica, ilitoa albamu iitwayo Death Magnetic, na wapenzi wake wenyewe walisikia mkwaruzo ndani yake, wakatia sahihi ombi la kutaka itengenezwe upya. Hao walikuwa na mafundi na mashine tusizoziota. Mbio za kila mmoja kutaka kuwa juu ya mwenzake zilikwisha kuwa kero hata mashirika ya utangazaji yakaingilia. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulitoa mwaka 2006 kanuni ya kupima ukubwa wa sauti kama sikio liusikiavyo, na mwaka 2010 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ukawaambia wanachama wake kiasi cha kufuata, yaani 23 chini ya dari kwa kipimo hicho. Leo Spotify hupeleka nyimbo zote karibu na 14 chini ya dari, na YouTube nayo huzishusha zilizozidi. Aliyeupasua wimbo wake ili awe juu ya wenzake hushushwa akawa sawa nao, na mipasuko yake akabaki nayo.

Katika kutumiana nyimbo simu kwa simu, nakubali, hakuna refa huyo. Ila msikilizaji mwenyewe ana kitufe. Aliyepata wimbo ulio chini kidogo aweza kuongeza. Aliyepata uliopasuka hana kitufe cha kuutengeneza.

Nitatoa mfano mmoja wa nyumbani, maana ndio ulionifanya nishike kalamu. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mwimbishaji wa nyimbo za kupura ulezi. Alizijua nyingi za Kimambwe ambazo mama na shangazi zangu huitikia tu, hawazianzi. Mwaka juzi, likizo ya mwezi wa Juni, ndugu yetu mmoja alimrekodi kwa simu akiimba uani na akina mama wakipura. Sauti ya Bibi ilikuwa imekwisha kuwa ndogo kwa uzee, na simu ilikuwa mlangoni. Rekodi ikawa chini. Ndugu yetu akaona haya kuipeleka kwa jamaa hivyo. Akaisukuma kwa programu hata ikasikika, akawatumia walioko Mbala, Mbeya na Dar es Salaam. Siku chache baadaye simu yake ilijaa, akaifuta ile ya kwanza, maana alikuwa nayo iliyo kubwa.

Bibi alifariki mwezi wa Machi mwaka huu. Tulipokutana matangani tuliisikiliza. Pale anapoimba kwa upole yuko, ni yeye kabisa, hata pumzi yake waisikia. Lakini kila wimbo una mahali anapoinua sauti na akina mama wote wakamjibu, na pale pote pamekuwa changarawe. Katika wimbo mmoja maneno mawili ya mwisho wa ubeti hayasikiki. Mama asema ni hivi, shangazi asema ni hivi, na aliyeyajua hayupo. Simlaumu ndugu yetu. Alitaka Bibi asikike, na laiti rekodi ya kwanza ingalikuwapo, hata chini kiasi gani, leo tungaliipandisha pole pole katika kompyuta ya maabara, tukayapata maneno yale.

Ndiyo sababu naomba uongozi wa shule ukubali jambo hili kabla ya mengine yote: rekodi ya kwanza, kama ilivyotoka katika simu, isiguswe. Ihifadhiwe katika kompyuta ya maabara na katika diski nyingine ofisini kwa Makamu Mkuu wa Shule, ikiwa na tarehe na majina ya waimbaji. Kinachopandishwa kiwe nakala. Wenzangu mtakaokwenda nyumbani likizo, mkirekodi babu zenu, fanyeni vivyo hivyo, na kama simu imejaa futeni picha zenu wenyewe. Tunazo nyingi mno.

Kuhusu mahali pa kurekodia, bwalo halifai. Kuta zake za saruji hurudisha mwangwi hata maneno yakapandana. Maktaba ni afadhali sana, rafu za vitabu hunywa mwangwi, na mablanketi yakitundikwa madirishani itakuwa bora zaidi. Saa ifaayo ni asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka na kabla mashine ya kusaga ya jirani haijawashwa, nayo huwashwa saa 2.

Mwalimu wa kwaya amekubali tujaribu mara mbili Jumamosi ya kwanza ya Septemba, saa 12 na nusu asubuhi: mara moja ngoma ikiwa mbele kama atakavyo kiongozi wetu, na mara moja ikiwa mlangoni. Zote mbili zitasikilizwa kwa simu, si kwa spika kubwa, na wanakwaya watapiga kura. Yahitajika mablanketi 8. Wenye mazito wayalete maktabani Ijumaa jioni. Yatarudishwa kabla ya usiku wa Jumamosi.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV